Fundi Bagenda na Mafuta ya Jikoni

Cleophace Bagenda alipozikwa kwao Kamachumu, ndugu zake walisoma historia ya marehemu kabla jeneza halijashushwa. Walisoma kwamba alibatizwa akiwa mchanga, akasoma kwa mapadri, akaenda Dar es Salaam kujifunza ufundi wa mitambo, akafanya kazi Mwanza kwa uaminifu mpaka wahuni walipomvunja mikono akitetea mali ya umma. Watu wakaitikia amina. Mke hakutajwa. Mke wake ni mimi, Tereza binti Masalu, wa Buhongwa. Sikupelekwa shule. Kusoma na kuandika nilifundishwa ukubwani katika darasa la kisomo, na nimeona nizitumie herufi zangu kueleza jinsi mtu huyo alivyoishi, na jinsi mikono yake ilivyovunjika kweli.

Alikuja Mwanza kwa meli ya Bukoba, kijana mwembamba mwenye sanduku la bati lililojaa vifaa kuliko nguo. Kinu cha pamba kilichokuwa kando ya ziwa, ng'ambo ya Butimba, kilikuwa kimeletewa mashine ya teleksi. Ni kama taipureta kubwa, ila imefungwa kwenye waya wa simu: mtu akiandika Dar es Salaam, maneno yanajiandika yenyewe Mwanza. Ilifika ndani ya kreti, na hakuna mtu wa kinu aliyejua hata upande wa kuifungulia. Ndipo wakamwajiri Bagenda.

Wakati huo nilikuwa msichana, nauza karanga getini. Alikuwa mtu wa kueleza. Yeyote aliyesimama mlangoni pa chumba chake alipewa somo, awe mpakiaji au mpita njia. Siku moja alinikuta nachungulia dirishani, naye ameshika kitu cha chuma chenye ncha mbili.

"Hiyo nini?" nikamuuliza.

"Uma."

"Wa kulia nini?"

"Wa kulia mwendo," akasema, akacheka mwenyewe. Akaugonga gotini, ukalia kama nyuki, akaushika mbele ya gurudumu lililopakwa mistari myeupe na myeusi. "Angalia katikati ya ncha. Mistari inakimbia, si ndiyo? Sasa nakaza skrubu. Ikisimama, ujue mwendo wa huku ni sawasawa na mwendo wa Dar. Ukipishana kidogo tu, herufi zinakuja uchafu."

Nilitazama. Gurudumu lilikuwa linazunguka kwa kasi, na mistari ikasimama kama imechorwa ukutani. Nilidhani nimeona uchawi, na nilidhani mtu anayeweza kufanya hivyo hawezi kuwa mtu mbaya.

Akanionyesha pia kingoma kidogo chenye meno, kilichokuwa ndani ya tumbo la mashine. Alikuwa akivunja meno kwa koleo, hili anavunja, hili anaacha. Alisema hapo anaandika jina la ofisi. Dar wakipiga, wakataka kujua wameingia wapi, kingoma kinazunguka na kulituma jina hilo chenyewe, hata kama chumba kimefungwa na watu wote wamekwenda makwao. Jina likirudi Dar, mpigaji anajua ujumbe umefika. Sheria yao ndiyo hiyo: jina limerudi, kazi imekwisha.

Tulioana kanisani Butimba. Baba yangu alipewa ng'ombe wachache, akanung'unika kwamba Wahaya hawajui ng'ombe, akawapokea hivyo hivyo.

Kofi la kwanza lilikuja kwa sababu ya kitambaa. Nilikuwa nimefutia meza kitambaa chake cha kufutia mashine. Alinipiga, kisha akakaa kwenye kiti akakifua kitambaa kile kwa sabuni, polepole, mpaka kikawa cheupe. Baadaye alinipiga kwa mkanda, kwa kuni, kwa mguu. Mimba ya pili ilitoka kwa teke, nikailoweka kanga yangu ndani ya karai na damu ikawa inapanda juu ya maji huku yeye amelala. Mikono hiyo hiyo ilikuwa inatoa skrubu ndogo kama punje ya ulezi na kuirudisha bila kuiangusha. Kazini aliitwa Fundi, na alipenda kuitwa hivyo. Wapakiaji walimwita Nshomile, kwa sababu alipenda kusema mambo ya shule, naye alijifanya hasikii.

Nilimweleza meneja wetu, Ndugu Josephat, siku moja nikiwa na jicho lililofumba. Akatazama dari, akasema, "Dada, mambo ya ndani hayo. Nikimgusa Fundi, teleksi nani ataigusa?"

Mwaka wa wahujumu uchumi ulitukuta katika hali hiyo. Madukani hakukuwa na sabuni, sukari, wala kiberiti. Watu walikuwa wanaficha hata doti ya kanga chini ya kitanda, maana ukikutwa na kitu usichokuwa na maelezo yake unaitwa mhujumu, na mhujumu alikuwa anachukuliwa na gari na kupelekwa kusikojulikana. Bagenda naye akaishiwa mafuta ya mashine. Yalikuwa yanaletwa ndani ya vikopo vidogo kutoka Dar, na vikaacha kuja. Aliandika kuomba, akapiga teleksi kuomba, akajibiwa asubiri. Mashine ikaanza kukwaruza.

Kitu pekee ambacho kinu kilikuwa nacho tele ni mafuta ya pamba. Yalikamuliwa hapo hapo, na sisi wake wa wafanyakazi tulikuwa tunapewa kidogo ya kupikia. Jioni moja nilimkuta jikoni anamimina mafuta yangu kwenye kopo lake la bomba refu.

"Hayo ya kula," nikasema.

"Mafuta ni mafuta."

"Usiku mmoja tu yakibaki kwenye kikaango yanakuwa gundi, hujaona?"

"Tereza, nikikufundisha kupika ugali utafurahi?" Akaondoka na kopo. Mpishi yeyote wa Usukuma anajua mafuta ya pamba yakikaa juu ya chuma yanashika kama ulimbo. Na yeye alijua, maana alikuwa anakula kwenye vyungu hivyo. Lakini mashine ilikuwa inalia, na kwake aibu ya mashine kulia mbele ya meneja ilikuwa kubwa kuliko kujua. Ikanyamaza. Akatembea siku hizo kama mtu aliyepandishwa cheo.

Sasa niseme kilichotokea, maana hapo ndipo mtu alipokufa.

Marobota ya pamba yalikuwa yamejaa uani, yanasubiri treni. Siku moja mabehewa matupu yakaletwa mpaka kwenye reli ya kinu, na hakukuwa na mpakiaji hata mmoja. Hakuna aliyeambiwa. Watu wa stesheni wakasubiri, wakatukana, wakayavuta mabehewa yakaenda Shinyanga. Marobota yakaendelea kurundikwa nje, yakafika usawa wa paa, yakabanana na ukuta wa chumba cha injini. Haukupita muda cheche ikatoka kwenye injini.

Pamba iliyofungwa haiwaki kama nyasi. Inaungua ndani kwa ndani, halafu inapasuka. Mlinzi wa zamu alikuwa Ndalahwa, mtu mzima, mpole, aliyekuwa ananunua karanga zangu na kuzila moja moja ili zisiishe. Aliingia katikati ya marobota kuvuta bomba la maji. Ukuta wa marobota ukamwangukia. Tulimsikia. Sitaandika alivyolia. Walipomtoa asubuhi, walimbeba kwenye bati kwa sababu hakushikika, na mdogo wake Shimba, aliyekuwa kamanda wa mgambo wa kinu, alitembea pembeni ya lile bati akimfukuza kila mtu aliyetaka kusaidia.

Simu ikapigwa Dar. Ndugu Josephat aliuliza kwa nini walileta mabehewa bila kutoa habari. Wakamjibu kwamba habari ilitumwa kwa teleksi siku nne kabla, na jina la mashine ya Mwanza lilirudi. Ujumbe ulifika. Kama haukuonekana, Mwanza kuna mtu ameuficha.

Neno hilo lilitoka ofisini likafika getini kabla meneja hajakata simu: kuna mtu kaiba teleksi, Ndalahwa akaungua. Shimba akafunga geti, akasema hakuna mwenye kulala mpaka mtu huyo apatikane.

Bagenda alirudi nyumbani jioni hiyo amebadilika rangi. Akafunga mlango, akakaa juu ya gunia la karanga. Hakuwa amelewa. Akanieleza yote, kama alivyozoea kueleza watu.

"Herufi zilifika zote," akasema. "Karatasi ndiyo haikupanda. Roli la kuipandisha lilinata. Mstari wa kwanza umeandikwa, wa pili ukaandikwa juu yake, wa tatu juu yake, mpaka mwisho. Nilikuta mstari mmoja mweusi mnene, na karatasi imetoboka. Jina lilikuwa limeshajibu."

"Na ulifanya nini?"

"Niliichoma. Nikaisafisha mashine kwa mafuta ya taa, nikatia tena yale yale ya pamba maana hakuna mengine, ikatembea. Nilidhani ni salamu tu za kawaida."

"Kawaambie."

Akanitazama kana kwamba nimesema kitu cha kitoto. "Nikawaambie nimetia mafuta ya kupikia kwenye mtambo wa serikali? Mwaka huu? Tereza, hiyo ni hujuma. Nitapakiwa kwenye gari."

"Mtu amekufa, Bagenda."

"Ndiyo maana." Akavuta gunia karibu yangu, sauti yake ikawa laini. "Sikiliza. Karatasi kuukuu za teleksi nakuletea mimi, unafungia karanga. Kila mtu anajua. Sasa wewe utasema siku ile uliingia ofisini ukajichukulia, hukujua kusoma, ukachukua na ile. Mwanamke asiyejua kusoma, watamfanya nini? Watakuchapa kidogo, watakufukuza getini. Baada ya mwezi mmoja watasahau. Mimi hawatanisahau."

Nilimwambia sikuingia ofisini na sitasema niliingia.

"Ni neno moja tu."

"Basi liseme wewe. Wewe ndiye mwenye hilo neno."

Alinipiga mpaka mshumaa ukaisha. Sikuwa naomba, na hilo lilimzidishia hasira, alikuwa ananiuliza, "Utasema? Utasema?" na kila nilipokataa alikuwa anachagua mahali pengine. Jino langu moja nililikuta asubuhi ndani ya mchanga wa kukaangia.

Nilidhani kukataa kwangu kumemaliza. Kulipopambazuka nikasikia miguu mingi nje. Alikuwa amekwenda mwenyewe kumwita Shimba. Alisimama nyuma ya mgambo, amevaa shati safi, akaonyesha kwa kidole kapu langu la vifungashio.

"Nimezikuta ndani," akasema. "Nilimuuliza usiku kucha. Hata sura yake mnaiona, nimemuuliza."

Shimba akamwaga kapu. Karatasi zikatawanyika, zimeandikwa maneno ya Dar, zimeloa chumvi na mafuta ya karanga. Hakujua kusoma Shimba, na wengi wa mgambo hawakujua. Kwao karatasi zote zilikuwa ile karatasi.

"Ng'wana Masalu," akaniambia, "kaka yangu alikuwa anakula karanga zako."

"Alikuwa anakula. Sikuchukua karatasi."

Akanipiga na kitako cha bunduki tumboni.

Walinivuta mpaka uani, mahali palipoungua. Majivu ya pamba yalikuwa bado ya moto chini, nayo yananuka nywele. Wakanifunga kwenye nguzo ya mizani kwa zile pete za chuma za kufungia marobota, zinazokata ngozi ukijitikisa. Wafanyakazi wote waliitwa. Wanawake niliokaa nao getini walisimama mbele kabisa. Mmoja akasema, "Kumbe ndiyo maana vifungashio vyake vilikuwa virefu," wengine wakaguna kana kwamba ameeleza jambo zito.

Mgambo wawili walinichapa kwa zamu kwa fimbo za mpera. Nilihesabu mwanzoni, halafu nikaacha, nikawa nasema kitu kimoja tu, kwamba waulize mafuta. Muulizeni mafuta aliyotoa jikoni kwangu. Shimba akawasimamisha.

"Mafuta gani?"

"Ya pamba. Ametia kwenye mashine. Imenata. Karatasi haikupanda. Ameniambia mwenyewe."

Watu wakamgeukia Bagenda. Hapo alikuwa na nafasi yake. Nilimtazama machoni. Nataka ndugu zake wa Kamachumu wajue kwamba alikuwa na nafasi, mchana kweupe, mbele ya watu, na mimi damu inanitoka masikioni. Neno moja lingenifungua.

Akacheka. "Wandugu," akasema, "mwanamke huyu hajui hata jina lake limeandikwaje. Leo amekuwa fundi wa teleksi?"

Wakacheka. Hata mmoja wa waliokuwa wananichapa akacheka, akajifuta jasho.

Shimba hakucheka. Akachukua fimbo, akamtupia Bagenda. "Mke wako huyo. Ametuulia mtu, halafu anakusingizia. Mfunze wewe."

Nilidhani ataitupa. Mpumbavu ni mimi. Alivua saa yake, akaiweka mfukoni mwa shati, akaja. Mgambo walikuwa wanapiga kama watu walioagizwa. Yeye alipiga kama anayetaka nisiseme tena. Fimbo ilipovunjika akaokota chuma cha kufungulia marobota. Niliinua mkono uliokuwa umelegea kwenye pete, nikasikia mfupa ukivunjika kabla sijasikia maumivu. Akainua tena, akilenga mdomo.

"Fundi," sauti ya Ndugu Josephat ikaita kutoka barazani. "Acha kwanza."

Sisemi kwamba meneja alikuwa na huruma. Dar walikuwa wamemwambia wanatuma watu wa kuchunguza, na yeye alitaka awe na jibu. Alisema, "Kama mashine ni nzima, si itaonekana? Nitaomba Dar waurudie ujumbe ule ule, mzima. Tuuone unaandikwa. Ukiandikwa, mwanamke ni mwongo na mambo yamekwisha."

"Hakuna haja, Ndugu Meneja," Bagenda akasema. "Nimeisafisha jana."

"Basi vizuri zaidi."

Walinifungua kwa sababu Shimba alitaka nishuhudie uongo wangu. Nilitembea nimeushika mkono wangu kwa mkono mwingine kama mtu aliyebeba mtoto. Chumba kilijaa, wengine wakasimama madirishani, wengine wakapanda mgongoni kwa wenzao. Meneja akazungumza na Dar kwa simu. Bagenda akakaa kwenye kiti chake, mbele ya mashine yake, akaipangusa na kile kitambaa cheupe.

Kengele ikalia. Mashine ikaamka, ikatetemeka, ikajibu jina lake yenyewe. Watu wakasogea nyuma kidogo. Kisha maneno yakaanza kuja, mstari wa kwanza, wa pili. Karatasi ikapanda. Ndugu Josephat akaanza kuyasoma kwa sauti, kwamba mabehewa yatafika, kusanyeni wapakiaji. Yule mama wa vifungashio virefu akanifinya mgongoni, penye vidonda. "Unaona?" akaninong'oneza. "Unaona, muuaji?"

Mimi nilikuwa natazama mikono ya Bagenda. Nimeishi na mikono ile, naijua ikiwa na kazi na ikiwa haina. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya meza. Wa kushoto ulikuwa kando ya mashine, na kidole gumba kilikuwa kinalisukuma roli kidogo kila mstari ulipoisha.

Shimba alikuwa amesimama upande huo. Hakujua kusoma, lakini alikuwa amefuga ng'ombe, na mtu wa ng'ombe anaona mnyama anapochechemea.

"Mbona unaisaidia?" akauliza.

"Naishika isitetemeke."

"Toa mkono."

"Kamanda, mambo ya kitaalamu haya..."

"Nshomile, toa mkono."

Akatoa. Mashine ikaendelea kupiga. Karatasi ikasimama. Herufi zikaandikwa juu ya herufi, mstari juu ya mstari, tukiwa tunatazama. Meneja akaacha kusoma kwa sababu hakukuwa na kitu cha kusoma. Ulikuwa mstari mmoja, ukawa mnene, ukawa mweusi, ukaanza kung'aa kwa wino, halafu karatasi ikatoboka na nyundo za mashine zikawa zinagonga roli tupu. Dar walimaliza ujumbe wao, wakauliza jina. Mashine ikajibu.

Shimba akatia kidole kwenye meno ya pembeni ya roli, akakitoa, akakinusa. Akakiweka mdomoni.

"Mafuta ya kupikia," akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejisemea.

Bagenda alijaribu dirisha. Wale wa dirishani ndio waliomshika. Walimtoa kwa nywele na shati, shati likabaki kwenye kioo, na kwa muda sikumwona tena, niliona migongo tu na viwiko vikipanda na kushuka. Wapakiaji walimpiga kwa kulabu za marobota. Mgambo waliokuwa wananichapa walimchapa. Mama wa vifungashio alimpiga kwa kiatu chake. Ndugu Josephat alisimama barazani akisema, "Jamani, sheria, sheria," bila kushuka ngazi.

Shimba aliwaondoa watu. Akasema hawezi kumwua, maana akimwua kifo kitakuwa sawa na cha kaka yake, na hakiwezi kuwa sawa. Akamlaza, akaagiza mikono iwekwe juu ya sahani ya mizani. Halafu akaniita kwa neno letu Wasukuma la kumwita mama.

"Mayu, njoo. Anza wewe."

Akanipa kile chuma nilichovunjiwa mkono. Nikakishika kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa na uwezo wa kukiinua, sitadanganya. Nikamwinamia Bagenda mpaka nikanusa damu yake.

"Sema," nikamwambia. "Waambie sikuchukua."

Uso wake ulikuwa umejaa majivu ya pamba, meupe na mekundu. Akanitambua. Midomo ikachezacheza, na watu wakainama ili wasikie. Akasema, "Mafuta yalikuwa ya kwake. Yalitoka jikoni kwake."

Nikakirudisha chuma kwa Shimba, nikapita katikati ya watu, nikatoka getini. Walinipisha. Nilikuwa nimefika barabara ya Shinyanga nilipomsikia mara ya kwanza, na nikamsikia tena, na tena, mpaka nikapita kilima. Sikugeuka nyuma. Mama yangu Buhongwa alinifunga mkono kwa vijiti, ukaunga vibaya, mpaka leo haunyooki.

Hospitali walimkata vidole vingi. Kaka yake Kaijage alikuja kumchukua kwa meli. Gari la wahujumu halikumchukua. Walisema hana faida tena. Mimi nilirudi Mwanza, nikaomba nafasi yangu getini, nikapewa. Hakuna aliyeniomba radhi. Wale wale walinunua karanga, wakasema zimezidi chumvi. Na hapakuwa na mwezi ambao sikunyoshewa kidole mbele ya mgeni: yule ndiye mke wa Bagenda, aliyefungia karanga teleksi, mlinzi akaungua. Jambo waliloliona kwa macho yao lilidumu siku chache. Lile alilolisema yeye lilibaki.

Kwa hiyo Kaijage aliporudi baada ya mvua za vuli, nilijua ninachotaka. Alikuwa mwalimu, mtu wa suti, mwenye mwavuli. Alinikuta getini nakaanga, wateja wamepanga foleni.

"Shikamoo, shemeji," nikasema, kwa kuwa alinizidi umri.

Hakuitikia. "Mume wako anakojoa kitandani. Hawezi kushika kijiko. Mama yetu ni mzee. Na wewe unauza karanga."

"Amesema?"

"Amesema nini?"

"Kwamba sikuchukua karatasi. Amewaambia nyumbani?"

"Mambo hayo yamekwisha, Tereza."

"Mlete hapa. Meli inapanda na kushuka. Mlete asimame hapa getini, aseme mbele ya hawa. Siku hiyo hiyo nitampakata mpaka Kamachumu, nitamlisha na kumwosha mpaka afe."

Aliangalia wateja, akapunguza sauti. "Mwanamume hasimamishwi getini na mke wake. Sisi nyumbani tunajua ni nani aliyemponza ndugu yetu. Tumekusamehe. Inuka twende, meli inaondoka jioni."

"Niondolee mkono," nikamwambia, maana alikuwa ameshanishika, na ameshika ule uliovunjika. Akauvuta. Mfupa ukalia mahali pale pale. Akavuta tena.

Karai lilikuwa limeiva, mchanga umekuwa mweusi, karanga zinapasuka ndani yake. Nililishika kwa mkono mzima nikalipindulia miguuni kwake. Mchanga ukaingia ndani ya viatu na soksi. Kaijage alipiga kelele iliyofika mpaka kwenye mizani, akaanguka, akawa anavua viatu na ngozi inatoka na soksi. Foleni ikasogea nyuma kumpa nafasi. Hakuna aliyemsaidia wala aliyenigusa. Alikwenda bandarini amebebwa kwenye toroli, mwavuli mapajani, ananitukana kwa Kihaya.

Bagenda alikufa mwaka uliofuata bila kulileta neno lake. Karanga za siku ile ya Kaijage zilitapakaa zote kwenye majivu ya jiko, nikafunga mapema.